Kidonge cha Presha cha Shangazi: Historia Tuliyopaswa Kuisoma Kabla ya Kusambaza

Wiki hii ni zamu ya historia. Leo hatuandiki ya vita wala ya mipaka. Tunaandika historia ya kidonge, kwa sababu kidonge hicho kimetutia aibu na ni haki mjue.

Wengi mnakumbuka ule ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye magrupu yetu. Ulisema eti dawa za presha, zile za jamii ya amlodipini na nifedipini, zimethibitishwa kwamba zinazuia kansa ya ubongo, ila wakubwa wanaficha kwa kuwa ni za bei rahisi. Tuseme ukweli: sisi ndo tulioupeleka mbele. Tuliuweka hapa hapa. Hatukumuuliza mtu yeyote, hata yule nesi tunayemjua vizuri.

Mmoja wetu ana mdogo wake wa miaka 19 mwenye uvimbe kwenye ubongo, anasubiri rufaa. Shangazi yao anakunywa dawa ya presha kila siku. Shangazi aliusikiliza ule ujumbe mara tatu, kisha akaanza kugawa dawa yake. Leo anakunywa yeye, kesho anampa kijana. Hakumwambia mtu. Wiki ya tatu akaanguka kwenye foleni ya maji. Alipopimwa, presha ilikuwa juu sana. Kijana naye alikuwa akisikia kizunguzungu kila akisimama, na sisi wote tukadhani ni ule ugonjwa wake.

Wote wawili wako hai, tunashukuru. Lakini tulipokaa kikundi kizima jioni ile, hakuna aliyetaka kuongea wa kwanza. Mwishowe mmoja akauliza: hivi ule ujumbe ulikuwa uongo mtupu? Tukaanza kusoma. Tulichanga hela ya bando, tukamsumbua yule nesi, tukasoma wiki mbili. Na jibu lilitushangaza. Haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa kipande cha ukweli kilichong'olewa kwenye historia ndefu, na hicho kilichobaki nyuma ndicho kingemwokoa Shangazi asianguke.

Basi hii ndiyo historia yenyewe.

Maji ya bomba ya London

Inaanzia kwenye moyo wa chura. Miaka ya 1880 mwanzoni, daktari Mwingereza aitwaye Sydney Ringer alikuwa London, akijaribu kuuweka hai moyo wa chura nje ya mwili wake. Aliuloweka kwenye maji ya chumvi, na moyo ukaendelea kupiga vizuri tu. Alidhani yale maji yametengenezwa kwa maji safi yaliyochujwa kwa mvuke. Kumbe yalikuwa maji ya bomba ya mjini. Alipotengeneza upya kwa maji yaliyochujwa kweli, moyo ukadhoofika na kusimama.

Ringer hakuficha kosa. Mwaka 1883 aliandika wazi kwamba majaribio yake ya kwanza yalifanywa kwa maji ya bomba, na kwamba ndani ya maji yale kulikuwa na kitu ambacho moyo unakihitaji. Kitu hicho ni kalsiamu, ile ile iliyo kwenye chokaa, mifupa na maziwa.

Jina la Ringer mnalijua hata kama hamjui kwamba mnalijua. Dripu ya Ringer lakteti imetoka kwenye maji yake yale, na daktari mwingine, Alexis Hartmann wa Marekani, akaongezea lakteti miaka ya 1930. Wazazi wetu waliopitia Goma mwaka 1994, kipindupindu kilipokuwa kinaua watu kila saa, wanaikumbuka chupa hiyo ikining'inia kwenye mti wa hema. Kwa hiyo historia hii si ya mbali sana na sisi.

Kutoka hapo ikajulikana kwamba misuli haikazi bila kalsiamu. Kila seli ya msuli ina ngozi nyembamba, na kwenye ngozi hiyo kuna milango midogo. Mlango ukifunguka, kalsiamu inaingia na msuli unakaza. Moyo unapiga namna hiyo. Mishipa ya damu nayo inabana namna hiyo. Ikibana sana, damu inapita kwa nguvu, na hiyo ndiyo presha.

Kidonge kinazaliwa

Ilichukua karibu miaka 80 tangu chura wa Ringer hadi mtu kufikiria kuifunga milango hiyo kwa dawa. Mtu huyo alikuwa Albrecht Fleckenstein, profesa wa Freiburg, Ujerumani. Miaka ya 1960 aliletewa dawa za moyo ambazo hakuna aliyejua zinafanyaje kazi. Mojawapo ilikuwa verapamili, iliyotengenezwa na kampuni ya Knoll. Fleckenstein akaona kwamba misuli iliyopewa dawa hizo inalegea kama vile imenyimwa kalsiamu. Na ukiiongezea kalsiamu, inarudi kukaza. Akaziita dawa zinazopingana na kalsiamu. Leo hospitalini zinaitwa vizuia milango ya kalsiamu.

Baadaye ikaja nifedipini ya kampuni ya Bayer, iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1975. Amlodipini ilipewa kibali Marekani mwaka 1992. Hiyo ya mwisho ndiyo anayokunywa Shangazi, na bila shaka na mama zenu wengi. Inalegeza mishipa polepole kwa siku nzima, ndiyo maana inanywewa mara moja tu kwa siku. Na ndiyo maana ukiiruka leo na kuinywa kesho, presha inapata nafasi ya kupanda. Hilo Shangazi hakuambiwa na ule ujumbe wetu.

Seli kwenye kisahani

Sasa kansa iliingiaje humu?

Mara ya kwanza iliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1981 Takashi Tsuruo na wenzake huko Japani walikuwa wanashughulika na kansa ya damu ya panya iliyokuwa imezoea dawa ya vinkristini, yaani dawa ilikuwa haiiui tena. Waliongeza verapamili, na vinkristini ikapata nguvu upya. Sababu ni kwamba seli sugu za kansa zina kama pampu ya kutupa dawa nje, na verapamili iliiziba ile pampu.

Watu walifurahi, na majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Hapo ndipo shida ilipojitokeza. Ili kuziba pampu kwa mtu, verapamili ilitakiwa iwe nyingi mno, na verapamili nyingi inauchosha moyo: mapigo yanapungua, presha inaanguka. Kwenye kisahani cha maabara hakuna moyo wa kuchoka. Kwa mtu, upo.

Miaka ya 1990 maabara kadhaa zikajaribu vizuia kalsiamu moja kwa moja kwenye seli za uvimbe wa ubongo zilizokuzwa kwenye visahani. Na kweli, ukuaji wa seli ulipungua. Hiki ndicho kile kipande cha ukweli kilichokuwa ndani ya ule ujumbe. Seli haitumii kalsiamu kwa kukaza tu. Inaitumia pia kama ishara. Kabla ya kujigawa kuwa mbili, seli hupita hatua kadhaa, kama mtu anayepita vizuizi barabarani, na kalsiamu ni mojawapo ya ruhusa za kupita. Ukiinyima, seli nyingi zinakwama njiani.

Lakini hebu tuangalie kisahani chenyewe. Kiasi cha dawa kinachomwagwa humo mara nyingi ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyekunywa kidonge. Tena ubongo una ukuta wake kwenye mishipa ya damu, unaozuia dawa nyingi zisipite. Kisahani hakina ukuta huo.

Kuna jambo lingine lililotugusa sana. Aina moja ya seli za uvimbe wa ubongo inayotumika kwenye maabara za dunia nzima inaitwa U-87. Ilikuzwa huko Uppsala, Sweden, miaka ya 1960, kutoka kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uppsala hiyo hiyo walilinganisha vinasaba vya seli hizo na mabaki ya uvimbe wa yule mgonjwa. Havikulingana! Seli zilizosambaa duniani inaelekea ni za uvimbe wa ubongo kweli, lakini za mtu mwingine asiyejulikana. Maelfu ya kurasa zimeandikwa juu ya seli yenye kitambulisho kisicho chake. Sisi tunaojua maana ya karatasi kuandikwa jina lisilo lako, tulicheka, kisha tukanyamaza.

Mwaka wa hofu

Kuna kitu ambacho ule ujumbe haukukitaja kabisa. Mwaka 1996, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wazee wa Marekani uliosema wale wanaokunywa vizuia kalsiamu wanapata kansa zaidi kuliko wengine. Mmesoma sawa sawa. Ni jamii ile ile ya dawa, na wakati huo habari ilikuwa kwamba inaleta kansa.

Mnaweza kufikiria hofu iliyokuwepo. Mamilioni ya watu walikuwa na dawa hizo nyumbani. Utafiti ule ulikuwa wa kuangalia tu nani anakunywa nini na nani anaumwa nini. Shida ya kuangalia tu ni kwamba wanaopewa dawa fulani huenda tayari ni wagonjwa zaidi. Kwa hiyo ilibidi kupima kwa njia ya haki: kuwagawa watu kwa bahati nasibu, huyu apate dawa hii, yule apate ile, halafu kungoja miaka.

Jaribio kubwa la namna hiyo, lililoitwa ALLHAT, lilitoa matokeo mwaka 2002. Lilikuwa na watu zaidi ya 33,000 wenye presha huko Marekani na Kanada, na zaidi ya 9,000 kati yao walipewa amlodipini. Kansa haikuwa zaidi kwa waliokunywa amlodipini. Hofu ya 1996 ikapoa.

Yaani kidonge kimoja kimeshaitwa mleta kansa na kimeshaitwa mponya kansa, na mara zote mbili waliokipa jina walikuwa na karatasi ya utafiti mkononi. Waliotulia wakasubiri jaribio la haki ndio waliobaki na presha iliyo sawa.

Dawa iliyofukuzwa ikarudi

Tufike sasa kwenye uvimbe wenyewe. Jina glioblastoma lilitokana na kazi ya Percival Bailey na Harvey Cushing, madaktari wa Marekani, mwaka 1926. Ni uvimbe mkali kuliko karibu zote za ubongo kwa watu wazima. Unakatwa, unarudi. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 573, wengi wa Ulaya. Waliochomwa mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1. Walioongezewa dawa ya temozolomidi, miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 26.5 kwa wenye temozolomidi na asilimia 10.4 kwa wasio nayo. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na temozolomidi ikawa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Ukisoma namba hizo ukiwa na ndugu mgonjwa, unaelewa kwa nini mtu yeyote angetaka kuamini ujumbe wa sauti.

Wakati huo huo wanasayansi walikuwa wamejifunza kwamba milango ya kalsiamu si ya aina moja. Kuna ya aina ya L, inayokaa wazi muda mrefu, na hiyo ndiyo inayofungwa na amlodipini kwenye mishipa. Kuna pia ya aina ya T, iliyoelezwa miaka ya 1980, inayofunguka kidogo na kujifunga upesi. Seli za uvimbe wa ubongo zinaitumia milango ya T pia, hasa kwenye safari ya kujigawa.

Je, kulikuwa na dawa ya kufunga T? Ilikuwepo, ila ilikuwa imefukuzwa. Inaitwa mibefradili. Kampuni ya Roche iliiuza kwa jina Posicor kwa ajili ya presha na maumivu ya kifua. Ilipata kibali Marekani mwaka 1997, na Juni 1998 ikaondolewa sokoni duniani kote, haijamaliza hata miaka miwili. Kosa lake ni kwamba ilizuia kazi ya ini ya kuvunja dawa nyingine. Mtu akinywa mibefradili pamoja na dawa nyingine, ile nyingine inajaa mwilini kama maji kwenye mtaro ulioziba. Dawa zaidi ya 25 zilihusika.

Miaka kadhaa baadaye, watafiti wa uvimbe wa ubongo huko Marekani wakaiomba tena. Hawakutaka kuitumia kila siku kama dawa ya presha. Mpango wao ulikuwa wa ujanja: mpe mgonjwa mibefradili kwa siku chache, seli za uvimbe zikwame pamoja kwenye kizuizi kimoja. Kisha iache. Seli zikianza kupita pamoja, temozolomidi iwe inazisubiri.

Matokeo ya jaribio la kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Lilikuwa na wagonjwa 27 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi. Kati ya 10 waliopigwa picha maalumu inayoonyesha kasi ya seli kujigawa, 2 walionyesha kupungua kwa wazi baada ya siku 7. Walipoongeza kiasi cha dawa, madhara yaliyowalazimisha wasimame yalikuwa ya ini na mapigo ya moyo kupungua mno. Watafiti waliandika kwamba dawa ilivumilika na kwamba inafaa kuendelea kuchunguza.

Soma hapo polepole. Jaribio la hatua ya kwanza haliulizi kama dawa inaponya. Linauliza mtu anaweza kustahimili kiasi gani. Watu 27, chini ya madaktari wanaopima ini na moyo kila mara, kwa dawa ambayo haipo kwenye duka lolote. Na hadi leo hakuna kizuia kalsiamu kilichokubaliwa kuwa tiba ya uvimbe wa ubongo.

Kutoka hapo hadi "amlodipini inazuia kansa ya ubongo" ni umbali wa kutoka Goma hadi Mombasa kwa miguu, na ule ujumbe uliuruka kwa sekunde arobaini.

Tulichojifunza, na tunachowaomba

Tulimpelekea yule nesi maelezo haya ayaangalie. Akaongezea mambo mawili tuyaandike kwa herufi ambazo kila mtu ataziona.

La kwanza: ANAYEKUNYWA DAWA YA PRESHA ASIIACHE WALA KUIGAWA. Presha ikipanda kimya kimya, kinachofuata kinaweza kuwa kiharusi. Na vidonge viwekwe mbali na watoto. Hii jamii ya dawa, hata kidonge kimoja au viwili vinaweza kumhatarisha mtoto mdogo.

La pili: MGONJWA WA UVIMBE WA UBONGO ASIONGEZEWE DAWA KIENYEJI. Wengi wao wanakunywa dawa za kuzuia degedege. Verapamili, kwa mfano, inaifanya karbamazepini ijae mwilini kupita kiasi, kwa njia ile ile iliyoifukuza mibefradili.

Sisi wenyewe tumekubaliana kwamba habari yoyote ya dawa, kabla haijawekwa hapa, itaulizwa maswali matatu. Ilijaribiwa kwenye nini: kisahani, panya au mtu? Kama ni watu, walikuwa wangapi, na waligawanywa kwa haki? Na dawa yenyewe ni ipi hasa, ile ile tuliyo nayo au binamu yake tu? Kama hatuna majibu, haipandi. Ule ujumbe tumeufuta, lakini tunajua umeshafika mbali. Kama uliuchukua kwetu, tafadhali peleka na hii kule kule ulikoupeleka.

Jumapili tulikwenda kwa Shangazi kumwomba radhi, kikundi kizima, tukakaa kwenye mkeka. Tulimsimulia yote haya, kuanzia chura. Alisikiliza bila kutukatiza. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo kuna watu walijaribu kweli?"

Tukamjibu, "Ndiyo Shangazi, walijaribu. Na wengine bado wanajaribu."

"Basi sikuwa mjinga," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Tukamwambia wenye haraka tulikuwa sisi. Akatingisha kichwa, akamwita kijana amletee maji, akameza kidonge chake mbele yetu. Kijana bado anasubiri rufaa. Ameandika maswali sita ya kumuuliza daktari siku ikifika, na swali la nne ni kama kuna jaribio lolote analoweza kuandikishwa. Hilo amelitunga mwenyewe.